Kiungo Asiyekula Peke Yake

Wadogo zangu wa timu ya Karatu, mmeniomba niandike. Mlisema ni kwa ajili ya kumbukumbu, lakini mimi nawajua. Mmechoka kunisikiliza pembeni mwa uwanja wakati mnafunga kamba za viatu, mkaona nikipewa daftari na kalamu nitanyamaza angalau mwezi mmoja. Haya, nimenyamaza. Nimetundika daluga msimu huu, goti la kulia limenisindikiza hadi mlangoni huku likinisema, na sasa nina muda mwingi kuliko mnavyopenda.

Mnachotaka kusoma sitakiandika. Mnataka kujua nani alinisajili kwa kiasi gani, gari lilikuwa la aina gani, na kama ni kweli yule dada wa kwenye picha alikuwa binamu yangu. Hayo tafuteni kwenye simu zenu, huko kuna watu wanaoyajua maisha yangu kunizidi. Mimi nitaandika habari za siku za kwanza, za viatu, za chakula, na za kosa moja. Hilo kosa ndilo lililonifanya nikubali kalamu yenu.

Mimi ni mtoto wa Olbalbal, Umasaini huko Ngorongoro. Nyasi za kwetu huja na kuondoka bila kuaga, na maji hayaletwi nyumbani, yanafuatwa. Kabla sijajua kusoma nilikuwa natembea na ng'ombe tangu asubuhi hadi jua linapoegemea milima, siku baada ya siku, na hakuna aliyenipigia makofi. Nyie mkizunguka uwanja mara kumi mnaomba maji na picha.

Nikiwa na miaka kumi na saba niliingia rika langu la moran. Mimi na Parkepu, kijana wa boma la jirani, tulitahiriwa asubuhi moja. Alinipa kondoo jike, nami nikampa wangu, na tangu siku hiyo hatuitani majina. Mimi namwita Paker, naye ananiita Paker, ndivyo wanavyoitana waliopeana kondoo. Na kuna sheria ambayo wengi wenu wa Qurus na Karatu mjini huisikia na kucheka: moran hanywi maziwa peke yake, wala hali chakula cha nyumbani peke yake. Lazima mwenzake wa rika awe ameketi hapo. Akikosekana, unakaa na njaa yako. Yeyo, yaani mama yangu, alinieleza sababu bila kupamba: "Kijana mmoja mwenye njaa anamaliza maziwa ya watoto. Vijana wawili wanaoneana aibu."

Sheria hii inaisha siku rika linapokunywa maziwa mbele ya wazee. Siku hiyo mama ananyoa kichwa chako, unashika kibuyu, unakunywa, na kuanzia hapo wewe ni mtu mzima, unaweza kula hata ukiwa peke yako duniani. Ishikeni vizuri siku hiyo, tutairudia.

Nilishuka Karatu kusoma sekondari. Parkepu naye alishuka, kwa sababu alikuwa anapeleka mbuzi mnadani, na kwa sababu bila yeye ningekula nini? Siku ya kwanza ya mazoezi nilifika uwanjani na kandambili za tairi la pikipiki, shuka na rungu. Timu ilikuwa ya Mwalimu Bura, Mwiraqw mfupi wa Qurus aliyefundisha jiografia asubuhi na kutufundisha mpira alasiri. Vijana wake walikuwa watoto wa madereva wa watalii, na vibarua wa mashambani kutoka Singida na Mbulu. Wakaniangalia kama mgeni aliyepotea njia ya kwenda kreta. Mwalimu Bura akaniuliza nacheza namba ngapi. Nikamjibu sina namba, nina ng'ombe.

"Ng'ombe wangapi unaweza kuwachunga peke yako?"

"Mia, wakiwa wamelala."

Akacheka hadi akashika kiuno. "Basi kaa katikati. Hawa wangu wanapotea hata wakiwa kumi na mmoja."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa kiungo. Hakuna kipaji wala ndoto, ni mwalimu wa jiografia aliyechoka kuona watu wanapotea. Na tangu siku hiyo Parkepu alikaa chini ya goli la upande wa barabara, kandambili zangu mapajani na rungu langu begani, akisubiri nimalize ili twende tukale. Mazoezi yakirefuka aliinuka na kumwonyesha mwalimu tumbo lake.

Mwalimu Bura hakuwa na koni wala vizuizi vya plastiki. Alikuwa na vidole. Kabla mpira haujanifikia alikuwa amesimama nyuma yangu, ameinua mkono, na anapiga kelele: "Vidole vingapi?" Nisipojibu kabla ya kugusa mpira, nilizunguka uwanja. Wiki ya kwanza nilizunguka uwanja kuliko mpira wenyewe. Ukitaka kujibu ni lazima ugeuze shingo mapema, na ukigeuza shingo unaona vidole, unaona beki anayekuja, na unaona yule ambaye hana mtu. Hiyo ndiyo kazi yote ya namba nane. Mengine mnayoyaona kwenye video za mitandaoni ni nywele.

Nikipoteza mpira alinirukia kwa historia. "Babu zako walichukua ng'ombe wa babu zangu, hatukuwaona tena! Wewe kitu kimoja cha ngozi unashindwa kukishika hata dakika mbili!" Na mimi nilimjibu kwamba labda ng'ombe wale walikuwa wanatoa pasi nzuri kuliko mabeki wake. Akanizungusha uwanja tena, lakini alikuwa anacheka.

Timu yangu ya kwanza ya mbali ilikuwa Tanga. Nilifika na begi moja, joto likanikumbatia bila ruhusa, na saa saba mchana mpishi wa kambi, Mama Mwanahamisi, akatupakulia wali na samaki. Wenzangu wakachukua sahani, huyu akaenda kitandani, huyu ngazini, huyu akala huku anaangalia simu. Nikabaki na sahani yangu katikati ya ukumbi. Nikasubiri. Hakuna moran. Nikairudisha sahani dirishani kama nilivyoipokea.

Siku ya kwanza niliishi kwa maji na ndizi, kwa sababu nilijiambia ndizi si chakula cha nyumbani. Siku ya pili ndizi ziliisha. Siku ya tatu, katikati ya mazoezi, niligeuza shingo kuangalia nyuma na uwanja wote ukageuka na mimi. Nilipofumbua macho daktari wa timu alikuwa ananitoboa kidole kupima malaria. Haikuwapo. Kocha akasema ni kukumbuka nyumbani. Mama Mwanahamisi alisubiri waondoke, kisha akaketi kwenye ukingo wa kitanda.

"Mwanangu, niambie ukweli. Chakula changu kina nini?"

"Hakina neno, mama. Hakina mwenzangu tu."

Nikamweleza. Alinisikiliza hadi mwisho, akatoka, akarudi anamvuta mkono kipa wetu, Shomari, kijana mrefu wa Pangani aliyekuwa anakula wali huku anatembea. "Mwenzio huyu hapa. Kuleni." Nikasema siwezi tu kuokota mtu, lazima awe wa rika. Basi nikampigia simu Parkepu, aliyekuwa mnadani Karatu, mbuzi wanalia hadi nilikuwa nasikia nusu ya maneno.

"Huyo kipa ametahiriwa?" akauliza.

"Ndiyo, ni Mwislamu."

"Lini?"

Nikamuuliza Shomari. Shomari akanitazama kwa muda, akamtazama Mama Mwanahamisi, akasema alikuwa na miaka mitano. Nikamwambia Parkepu. Mbuzi wakalia wee, halafu Parkepu akarudi na sauti ya heshima.

"Paker, nimehesabu. Miaka hiyo waliokuwa wanatahiriwa ni rika lililotutangulia. Huyo ni mkubwa wako. Mwinamishie kichwa akusalimie."

"Paker, nakufa njaa."

"Basi tuhesabu umri, tuache kisu. Ni wa rika letu. Kula. Lakini heshima mpe, isije ikatuletea maneno."

Nikala sahani tatu. Mama Mwanahamisi alisimama mlangoni na mwiko, analia na kucheka kwa pamoja. Na Shomari, tangu siku hiyo, hakukubali mechi ianze kabla sijamwinamishia kichwa akanigusa utosini, kama wakubwa wanavyowasalimia wadogo kwetu. Waandishi wa habari wakaandika kwamba timu ya Tanga inatumia ndumba kutoka Ngorongoro. Timu pinzani zikaanza kutuogopa, na kocha akatukataza kukanusha.

Hapo ndipo nilipojifunza kazi yangu, na hili nawaomba mlisome mara mbili. Kila nilipohamia timu mpya, jambo la kwanza halikuwa kuuliza jezi namba ngapi, bali kutafuta mtu wa kula naye. Shomari alipokosekana nilikula na mabeki, nikala na mawinga, nikala na mtunza vifaa, wote wa umri wangu kwa hesabu ile ile ya Parkepu. Na mtu ukila naye unamjua. Mbeya, kwenye baridi iliyonifanya nicheze na soksi za kulalia chini ya zile za timu, nilikula na beki wa kushoto aliyeinamia sahani hadi imalizike, hasikii wala haoni. Nikajua huyu usimpe mpira wa ghafla, muite kwanza jina. Zambia nilikula na straika aliyekuwa anachukua nyama kabla hujamaliza kunawa. Huyo nilimpa mpira mbele ya miguu, sikusubiri, alikuwa ameshaondoka. Oman ndiko nilikonenepa. Kule chakula kinawekwa kwenye sinia moja sakafuni, watu wanane mnalizunguka, na nikasema moyoni, hatimaye nimefika kwa watu wenye akili. Makocha huko waliniuliza nimewajuaje wachezaji wao katika wiki mbili. Niliwaambia nimesoma kwenye sinia, wakadhani Kiswahili changu kimechanganyikana na Kiarabu.

Walinilaumu kwamba sifungi. Ni kweli. Katika maisha yangu yote nimefunga magoli manne, na moja lilikuwa kwenye lango letu wenyewe. Mashabiki wa Mbeya waliniimbia nipige, nipige, nikigeuza shingo na kumwona mwenye nafasi nzuri zaidi, mguu unakataa. Shomari alikuwa ameshasema tangu Tanga: "Huyu hata goli hali peke yake." Sikukasirika. Lilikuwa neno la kweli.

Sasa tufike Mtwara, mahali ninapopapenda na nisipopenda kupakumbuka.

Nilikuwa na miaka ishirini na nane. Shomari alikuwa pale golini, tulikutana tena. Timu ilikuwa imebakiza mechi moja, na tukifungwa tunashuka daraja. Jumatatu ya wiki ile Parkepu akanipigia.

"Paker, wazee wamekaa. Maziwa ni Jumamosi."

Mechi ilikuwa Jumamosi.

Nikaenda kwa kocha. Nikamweleza kwamba rika langu linakunywa maziwa, kwamba kila mtu anakunywa na yule aliyetahiriwa naye, kwamba mwenzangu ananisubiri, na kwamba jambo hili halirudiwi mwakani. Kocha alinisikiliza kwa upole kabisa.

"Maziwa?"

"Maziwa, kocha."

"Nitakununulia katoni nzima, unywe hapa mbele ya timu yote. Jumamosi nakuhitaji."

Wenzangu waliokuwa karibu walicheka, na mimi nikacheka nao. Hilo ndilo jambo ninalojionea aibu hadi leo, kwamba nilicheka. Nikampigia Parkepu nikamwambia siji, timu inanihitaji. Akasema, "Nitashika kibuyu chako hadi jua lisimame utosini. Labda mechi itaahirishwa." Mechi haikuahirishwa.

Na sasa niwaambie nilivyohitajika. Jumamosi ile nilianzia benchi. Kipindi cha pili kikaanza, nipo benchi. Nilivua traksuti mara moja tu, beki wetu alipoanguka, nikaanza kupasha misuli, naye akainuka. Nikaivaa tena. Timu ikashinda bila mimi, ikabaki daraja, watu wakabebana mabegani, na hata mimi nikabebwa kwa makosa na shabiki ambaye hakujua nimekaa benchi dakika zote tisini. Nikiwa huko juu niliona jua limeegemea, nikajua Olbalbal wamemaliza.

Parkepu hakupokea simu yangu siku ile, wala wiki ile. Baadaye nikasikia amehamishia ng'ombe wake Soitsambu, upande wa wakwe zake. Kila nikija likizo nilimuuliza Yeyo habari zake, naye alinijibu sentensi moja, mwaka baada ya mwaka: "Muulize mwenyewe." Sikwenda. Nilijiambia likizo ni fupi, barabara ni mbaya, goti linauma. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa, mimi niliyewahi kuchezewa rafu na mabeki wenye majina ya wanyama. Rika langu lote likawa wazee wenye haki zao, mimi nikabaki moran mwenye upara unaoanza, asiyekunywa maziwa bila mwenzake. Madogo wa timu zangu za mwisho waliniita Moran Mstaafu. Nilicheka tena, siku hizi nacheka vizuri.

Miaka tisa ikapita hivyo.

Nilipotundika daluga nilikwenda kwanza kwa Mwalimu Bura, Qurus. Amestaafu zamani, analima maharage na mbaazi, na macho yake sasa yanaona jua na kivuli tu. Nilimkuta uani anapepeta maharage kwa ungo. Nikaketi, nikamhesabia nilikokwenda: Tanga, Mbeya, Zambia, Oman, Mtwara. Alikuwa anatikisa kichwa kwa kila jina, kwa sababu ramani ni ugonjwa wake.

"Na yule aliyekuwa anashika kandambili zako?" akauliza.

Nikamwambia yupo Soitsambu, na hatujaongea tangu Mtwara. Nikamweleza kisa chote. Mwalimu akaendelea kupepeta hadi nikadhani hakusikia.

"Nilikufundisha nini?"

"Kugeuza shingo, mwalimu."

"Ulikuwa mwanafunzi mbaya wa jiografia," akasema. "Soitsambu si mbali kama Oman."

Basi nikaenda. Nikafika bomani kwa Parkepu mchana. Mke wake, Nashipai, alikuwa anakamua mbuzi. Sikuwahi kukutana naye. Akanitazama kuanzia viatu, akapanda taratibu.

"Takwenya," nikamsalimia.

"Iko. Wewe ndiye yule wa mpira?"

"Ndiye."

"Mume wangu yuko na ng'ombe njia ya maji." Akaendelea kukamua kwa nguvu, mbuzi akalalamika. "Nenda. Na ukirudi, urudi naye."

Nilimkuta Parkepu anatembea nyuma ya ng'ombe. Amenenepa kidogo, mvi mbili tatu, fimbo mabegani. "Sopai," nikasema. "Ipa," akajibu, kama unavyomjibu mtu wa kupita njia. Hakusimama. Akanionyesha kwa kidevu nitangulie mbele ya ng'ombe, nami nikatangulia, maana ndivyo tulivyokuwa tukichunga. Tulitembea hivyo muda mrefu. Nilikuwa nasikia kwato na goti langu. Nilikuwa natafuta neno la kwanza, na kila nililolipata lilikuwa dogo.

Halafu nikasikia sauti yake kutoka nyuma.

"Vidole vingapi?"

Nikasimama. Ng'ombe wakanipita huku na huku. Sikuwa nimegeuza shingo hata mara moja tangu tuanze safari.

"Sijaangalia," nikasema.

"Najua," akasema. "Miaka tisa."

Nikageuka. Mkono wake ulikuwa bado juu, na vidole vilikuwa viwili. Nikamwomba msamaha hapo hapo, kati ya ng'ombe, bila kupamba. Nikamwambia nilikaa benchi. Hilo nilikuwa sijamwambia mtu yeyote wa nyumbani. Nilidhani atacheka. Aliteremsha mkono, akaniangalia kwa huruma ambayo ilikuwa mbaya kuliko kicheko.

"Dakika zote?"

"Zote."

"Pole, Paker." Ndipo akacheka, akacheka hadi akakaa juu ya jiwe, na ng'ombe mmoja akarudi kuangalia kuna nini.

Tuliporudi bomani Nashipai alikuwa ameweka kibuyu cha maziwa na vikombe viwili. Nikamwambia Parkepu anywe yeye, ana haki yake, mimi nitakaa tu, na kama rika litanikubali nitalipa faini yangu ya mtamba na asali kwa wazee. Nashipai akaweka mikono kiunoni.

"Haki ipi?" akasema. "Hakukuambia?"

Parkepu akaangalia fimbo yake.

"Huyu hakunywa," Nashipai akasema. "Siku ile alishika vibuyu viwili, chako na chake, hadi jua likasimama utosini. Wazee wakamwambia kunywa, mwenzako hayupo. Akasema, basi na mimi sipo. Akaviweka chini akaondoka. Nimeolewa na mwanaume mwenye watoto watatu ambaye hawezi kunywa maziwa ndani ya nyumba yangu. Kila mlo nazunguka maboma kutafuta mwanaume wa rika lake aje akae hapa! Wengine wanakula kuliko yeye. Kuna mmoja anakuja hata nisipomwita. Miaka tisa, mtu wa mpira! Miaka tisa nawalisha wanaume wa watu kwa sababu yako!"

Nikamtazama Parkepu. "Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuuliza," akasema. "Na nilimkataza Yeyo."

Nililia, wadogo zangu, na sijali mkiandika hilo kwenye simu zenu. Nimeona watu wakinibeba mabegani kwa mechi ambayo sikucheza, na kumbe kuna mtu alikuwa amekaa nje ya mchezo kwa ajili yangu muda wote huo, na hakuna shabiki aliyempigia makofi. Parkepu akamimina maziwa, akanipa kikombe changu kwanza. Tukanywa. Nashipai naye akaketi kwa mara ya kwanza tangu nifike.

Wazee wa Olbalbal hawakutuhurumia. Walichukua mtamba na asali yangu, wakauliza kama uwanja wa Mtwara ulikuwa na maziwa, wakacheka kwa zamu, kila mzee kwa wakati wake. Kisha wakatuketisha pamoja. Yeyo alininyoa, na mahali penye upara alipita haraka na kusema, "Hapa kuna mwingine ameshanitangulia kunyoa." Mama yake Parkepu akamnyoa yeye. Tukashika vibuyu viwili. Tulikunywa mbele ya watu, na mzee mmoja akatangaza kwamba wanaume wawili wa mwisho wa rika hili wamefika, wamechelewa lakini wamefika, na kuanzia leo kila mmoja anaweza kunywa maziwa peke yake nyumbani kwake. Nashipai alipiga vigelegele kuliko mwanamke yeyote pale.

Asubuhi iliyofuata Yeyo aliniletea kibuyu, akakiweka mbele yangu, akatoka nje makusudi. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nikiwa na miaka kumi na saba. Nyumba kimya, maziwa ya baridi, harufu ya moshi wa mti wa kufukizia kibuyu. Hakuna wa kumsubiri. Nikakishika. Nikakiweka. Nikageuza shingo.

Simu ikalia. Parkepu na Nashipai walikuwa wamelala kwa mama yake, boma la pili tu kutoka kwetu.

"Paker," akasema kwa sauti ya chini. "Umekunywa?"

"Bado. Wewe?"

"Bado. Nashipai amenifungia ndani na kibuyu. Yuko mlangoni, anasema hanifungulii hadi ninywe peke yangu kama wanaume wengine." Akanong'ona. "Njoo ugonge. Sema umeleta habari za ng'ombe."

Nikaficha kibuyu changu chini ya shuka, nikaenda.